Eliasberg: Mfanyabiashara aliyeona mali katika chenji ya nusu dola

MWANZONI mwa karne ya 20, mtu aliyepewa sarafu ya nusu dola nchini Marekani aliitumia kununua mkate, nyama au tumbaku, na habari yake ikaishia hapo. Ilikuwa chenji tu, kama ilivyokuwa sumni kwa wakazi wa Afrika Mashariki.

Miongo kadhaa baadaye, baadhi ya chenji hiyo iliuzwa mnadani kwa bei ya kununulia nyumba.

Mwenye mali hiyo alikuwa Louis Eliasberg, mfanyabiashara wa jiji la Baltimore katika jimbo la Maryland. Ndiye mtu wa kwanza kufanikiwa kukusanya kila sarafu ya Marekani iliyojulikana kuwapo, kwa kila mwaka na kwa kila kiwanda kilichoitengeneza.

Maisha yake yana somo kwa yeyote anayetaka kuweka akiba yake katika kitu kinachoshikika, iwe ni sarafu, mifugo au kiwanja. Faida aliyopata haikutokana na bahati tu. Ilitokana na kujua anachonunua kuliko aliyekuwa anamuuzia.

Mwanzo wa pembeni

Eliasberg alizaliwa tarehe 12 Februari 1896 mjini Selma, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Hata hivyo, maisha yake ya kazi yalikuwa Baltimore, ambako alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampuni ya kukopesha iliyoitwa Finance Company of America.

Mkopeshaji mzuri hujiuliza maswali kabla ya kufungua kasha la fedha. Mali hii ina thamani gani leo? Itauzika kesho? Je, karatasi zake ziko sawa? Mtu aliyezoea maswali hayo kazini hawezi kuyaacha anapoingia dukani kununua sarafu.

Alianza kukusanya sarafu mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 29. Ilikuwa shughuli ya pembeni, na hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba siku moja jina lake lingejulikana kwa sarafu kuliko kwa mikopo.

Kilichombadilisha ni sheria.

Amri ya dhahabu

Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Tarehe 5 Aprili 1933, Rais Franklin Roosevelt alitoa amri ya kuwataka wananchi wasalimishe dhahabu yao kwa serikali. Walilipwa dola 20.67 kwa kila wakia.

Mwaka uliofuata serikali ilipandisha bei ya dhahabu hadi dola 35 kwa wakia. Raia aliyesalimisha dhahabu yake alibaki na noti ambazo zisingeweza tena kununua dhahabu ile ile.

Wengi walisoma kichwa cha amri hiyo wakaishia hapo. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichoruhusu watu kubaki na sarafu za dhahabu zilizokuwa na thamani maalumu kwa wakusanyaji wa sarafu adimu.

Eliasberg alikiona kifungu hicho na akakielewa. Kwa mtu aliyeogopa kwamba noti zingepungua nguvu, ukusanyaji wa sarafu adimu ulikuwa mlango halali wa kumiliki dhahabu. Kuanzia mwaka 1934 aliacha kununua kwa kubahatisha, akaanza kununua kwa mpango.

Katika safari hiyo ya dhahabu, alijifunza pia kuzitazama sarafu ndogo za madini ya fedha na shaba, zikiwamo nusu dola. Huko ndiko alikokutana na kazi ya mtu mwingine aliyekuwa amemtangulia kwa miaka mingi.

Daftari la Clapp

Mtu huyo alikuwa John M. Clapp, mfanyabiashara wa mafuta kutoka Pennsylvania.

Wakati wa Clapp, wakusanyaji wengi walitazama mwaka tu. Sarafu za Marekani zilitengenezwa katika viwanda kadhaa, na kila tawi liliweka herufi yake ndogo: O kwa New Orleans, S kwa San Francisco na CC kwa Carson City. Denver ilikuja kuongezwa mwaka 1906 kwa herufi D. Sarafu za kiwanda kikuu cha Philadelphia hazikuwa na herufi.

Mwaka 1893, mchoraji na mkusanyaji Augustus Heaton alichapisha kijitabu kilichoeleza kwamba herufi hizo si jambo dogo. Kiwanda kimoja kingeweza kutengeneza sarafu mamilioni, na kingine maelfu machache tu katika mwaka huo huo. Aliyetazama mwaka peke yake hakuona tofauti hiyo.

Clapp alilielewa somo hilo mapema. Kuanzia mwaka huo wa 1893 alikuwa akiagiza sarafu mpya moja kwa moja kutoka matawi ya serikali, na kulipa thamani iliyoandikwa juu yake pamoja na gharama ya kutuma. Nusu dola mpya kabisa ya New Orleans au San Francisco ilimgharimu senti 50 na nauli yake.

Aliandika kila ununuzi katika daftari: alinunua nini, lini, kwa nani na kwa bei gani. Alipofariki mwaka 1906, mwanawe John H. Clapp, aliyekuwa mwenye benki mjini Washington, aliuendeleza mkusanyiko huo hadi kifo chake mwaka 1940.

Mwaka 1942, wakati Marekani ikiwa vitani, mkusanyiko wa akina Clapp uliuzwa kupitia Stack's, wafanyabiashara wa sarafu wa New York. Mnunuzi alikuwa Eliasberg, na bei ilikuwa dola 100,000.

Wakati huo hizo zilikuwa fedha nyingi mno kutoa kwa ajili ya sarafu. Lakini Eliasberg hakununua vipande vya chuma tu. Alinunua karibu nusu karne ya subira ya watu wawili, pamoja na kumbukumbu za kuthibitisha kila kipande kilikotoka.

Kama angezitafuta sarafu hizo moja moja, angetumia miaka mingi, na nyingine asingezipata kwa hali nzuri kama ile. Nusu dola za Clapp zilikuwa hazijapita mikononi mwa watu, wala hazijasuguliwa. Baadhi zilikuwa zimepata rangi za asili ambazo madini ya fedha hupata yanapokaa miaka mingi bila kuguswa.

Sarafu nyingi alikuwa nazo tayari, hivyo sasa alibaki na nakala mbili mbili. Eliasberg hakuzikumbatia zote. Alibakisha iliyo bora, na mwaka 1947 nakala za ziada zikauzwa mnadani na Stack's kwa jina la H. R. Lee, bila jina lake kutajwa. Kwa njia hiyo sehemu ya mtaji ilirudi mfukoni.

Nusu dola zilizosumbua

Mgeni katika biashara hii hudhani kwamba sarafu ya zamani zaidi ndiyo ya bei kubwa zaidi, na kwamba inayong'aa inaishinda iliyochakaa. Nusu dola za Eliasberg zilionesha kwamba mambo hayako hivyo.

Marekani ilianza kutengeneza nusu dola mwaka 1794. Miaka miwili ya 1796 na 1797, kwa pamoja, ilitoa vipande 3,918 tu. Mkusanyaji yeyote wa nusu dola hukwama kwanza hapo.

Mwaka 1838 kiwanda kipya cha New Orleans kilitengeneza nusu dola chache sana, zinazokadiriwa kuwa 20. Zilizobaki zilikuwa zikifahamika moja moja na wafanyabiashara, pamoja na majina ya waliozimiliki. Eliasberg aliipata yake.

Kigumu zaidi kilikuwa mwaka 1853. Baada ya dhahabu nyingi kupatikana California, madini ya fedha yalipanda bei. Nusu dola ikawa na madini ya thamani kuliko senti 50 zenyewe, na watu wakaziyeyusha au kuzipeleka nje ya nchi.

Serikali ikapitisha sheria mwezi Februari 1853 ya kupunguza uzito wa nusu dola kutoka takriban gramu 13.36 hadi 12.44. Ili watu wazitofautishe, mishale miwili midogo iliwekwa pembeni mwa tarehe, na miale nyuma ya sarafu.

Nusu dola za New Orleans za mwaka huo zisizo na mishale ni chache mno. Zinazojulikana zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na zote zimechakaa kwa kutumika. Ya Eliasberg nayo ilikuwa imechakaa. Mtu asiyejua angeipita mezani na kuchagua nyingine inayong'aa, kumbe ameacha mali.

Mwaka 1873 uzito ulibadilishwa tena, safari hii ukaongezwa kidogo hadi gramu 12.5, na mishale ikarudi. Kumbukumbu za kiwanda cha San Francisco zinaonesha kwamba nusu dola 5,000 zisizo na mishale zilitengenezwa mwaka huo. Hadi leo hakuna hata moja iliyowahi kuthibitishwa kuonekana.

Hiyo Eliasberg hakuipata, na hakuna mwingine aliyeipata. Ndiyo maana mkusanyiko wake ulielezwa kuwa kamili kwa sarafu zinazojulikana kuwapo.

Pengo la mwisho

Mabadiliko hayo ya mwaka 1873 ndiyo yaliyompa kazi ya mwisho. Kiwanda cha Carson City, katika jimbo la Nevada, kilikuwa kimetengeneza sarafu 12,400 za senti 10 zisizo na mishale. Sheria ilipobadilika, karibu zote ziliyeyushwa. Moja tu ndiyo inayojulikana kuokoka.

Tarehe 7 Novemba 1950, Eliasberg aliinunua kwa kiasi cha dola 4,000. Alikuwa na umri wa miaka 54, na miaka 25 ilikuwa imepita tangu aanze. Kwa sarafu hiyo ya senti 10, mkusanyiko wake ulikamilika.

Mwaka 1953 jarida la Life lilichapisha habari na picha za mkusanyiko huo. Maelfu ya wasomaji waliandika barua. Watu waliokuwa hawajawahi kutazama tarehe ya sarafu walianza kumwaga vibubu vyao mezani.

Eliasberg hakuzificha sarafu zake. Alizionesha kwa umma mara nyingi, na alizungumza wazi kuhusu namna alivyozikusanya na sababu zilizomfanya aamini kwamba sarafu zilizochaguliwa vizuri ni uwekezaji.

Alikubali hasara

Kuna jambo moja ambalo halisemwi sana na wanaosifu utajiri wake. Eliasberg alikuwa na sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933. Sarafu hizo zilitengenezwa lakini hazikutolewa rasmi kwa umma, na baadaye serikali ikatangaza kwamba zilizokuwa mikononi mwa watu zilitoka kiwandani isivyo halali.

Baadhi ya waliokuwa nazo walipambana mahakamani. Eliasberg aliisalimisha kwa hiari yake.

Kwa mfanyabiashara wa mikopo uamuzi huo una mantiki. Mali isiyo na hati safi haina bei ya uhakika, hata ingekuwa ya dhahabu. Mkusanyiko wake ulibaki bila doa, na wanunuzi wa baadaye hawakuwa na sababu ya kuutilia shaka.

Nusu dola ya Kennedy

Katika miaka yake ya mwisho, Eliasberg alishuhudia nusu dola ikitoweka sokoni.

Rais John Kennedy aliuawa mwezi Novemba 1963. Mwaka uliofuata sura yake iliwekwa kwenye nusu dola mpya, mahali pa Benjamin Franklin aliyekuwapo tangu 1948. Wananchi walipanga foleni kwenye benki, na karibu kila aliyeipata aliiweka nyumbani kama kumbukumbu.

Zaidi ya sarafu milioni 400 za mwaka 1964 zilitengenezwa, lakini hazikuonekana kwenye chenji. Bei ya madini ya fedha nayo ilikuwa inapanda. Kuanzia mwaka 1965 kiasi cha madini hayo katika nusu dola kilipunguzwa kutoka asilimia 90 hadi 40, na mwaka 1971 yakaondolewa kabisa katika sarafu za matumizi ya kawaida.

Hapa ndipo wengi walipochanganya mambo mawili. Nusu dola ya mwaka 1964 ina gramu 11.25 hivi za madini halisi ya fedha, na hiyo ni thamani ya kweli. Lakini kitu kilichowekwa akiba na kila nyumba si kitu adimu. Bei yake hupanda na kushuka pamoja na bei ya madini.

Linganisha na nusu dola za mwaka 1921. Kiwanda cha Denver kilitengeneza 208,000 tu, na kwa kuwa watu hawakuzijali, nyingi zilitumika hadi zikachakaa. Iliyobaki katika hali nzuri ni ghali mara nyingi kuliko madini yaliyomo.

Hesabu ya mwisho

Eliasberg alifariki tarehe 20 Februari 1976, siku nane baada ya kutimiza miaka 80. Aliacha mkusanyiko uliopangwa, wenye kumbukumbu, na warithi waliojua walichorithi. Sarafu za dhahabu na zile nyingine ziligawanywa kati ya watoto wake wawili wa kiume.

Warithi hawakukimbilia sokoni. Dhahabu iliuzwa mwaka 1982 na kuleta takriban dola milioni 12.4. Sarafu nyingine zilisubiri. Zilipouzwa katika minada miwili ya mwaka 1996 na 1997, zilileta kama dola milioni 11.6 na milioni 20.9. Jumla ni karibu dola milioni 45.

Ile sarafu ya senti 10 ya Carson City, iliyonunuliwa kwa kiasi cha dola 4,000, iliuzwa mwaka 1996 kwa dola 550,000. Ukipiga hesabu kwa miaka 46, ni ongezeko la kama asilimia 11 kila mwaka. Ni faida nzuri, lakini si ya miujiza. Ilihitaji mtu asiyekuwa na shida ya kuiuza kwa haraka, kwani sarafu haitoi maziwa wala haizai wakati ikisubiri.

Hilo ndilo la kwanza kwa anayeanza. Eliasberg alitumia fedha ambazo familia yake haikuzihitaji kwa chakula, karo au kuendesha kampuni. Mtaji wa mbegu na wa duka haupaswi kugeuzwa sarafu za kabatini.

La pili ni kuanza na eneo dogo. Wanaoanza kukusanya nusu dola za Marekani mara nyingi huchagua zile za Franklin za mwaka 1948 hadi 1963, kwa sababu seti nzima, kwa miaka na viwanda vyote, ni vipande 35 tu. Nyingi kati ya hizo, zikiwa zimetumika, huuzwa kwa bei isiyopita sana thamani ya madini yake. Mtu anaweza kujifunza kwazo bila kuumia.

La tatu ni kujua kabla ya kulipa: mwaka, herufi ya kiwanda, idadi iliyotengenezwa na hali ya sarafu. Kitabu cha bei ni rahisi kuliko kosa moja. Muuzaji asiyekubali sarafu ipimwe uzito au ikaguliwe na mtu mwingine ni wa kuepukwa, maana sarafu adimu hughushiwa, na herufi ndogo huweza kubandikwa.

La nne ni kuiacha sarafu ilivyo. Mgeni hufurahi kuisugua kwa majivu au dawa ya kung'arisha ili ipendeze. Kwa kufanya hivyo huondoa ngozi yake ya juu, na thamani yake huondoka pamoja nayo. Sarafu hushikwa kwa ukingo, na huhifadhiwa mahali pakavu.

La mwisho ni daftari. Bila kumbukumbu, mjane au mtoto hubaki na mfuko wa vyuma, naye huuza kwa wa kwanza anayebisha hodi. Clapp aliandika, Eliasberg akaandika, na waliobaki wakalipwa kwa haki.

Nusu dola nyingi zilizopiganiwa katika minada ya Eliasberg zilikuwa zile zile ambazo Clapp aliziagiza kwa barua, miaka mia moja hivi kabla. Kila moja alikuwa ameilipia senti 50 pamoja na gharama ya posta.